Je, Avaaye Vazi la Mwingine ni Mtoro?

Jumatatu moja asubuhi, nikiwa mwalimu wa zamu katika shule moja ya bweni huku kwetu Sosiot, nilimtoa mstarini mvulana wa kidato cha tatu. Alikuwa amevaa sare kamili: shati jeupe, tai, sweta na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi. Lakini kwenye paji la uso alikuwa amejifunga kitambaa cheusi, na katikati ya kitambaa hicho ameshonea kipande cha bati kilichokatwa kutoka kopo la mafuta ya kupikia. Juu ya bati alikuwa amechora kwa msumari mviringo unaojizungusha kama konokono na kuishia kwa ncha, mithili ya jani.

"Hili ni jani la chai?" nilimwuliza, kwa sauti ya kusikika na gwaride zima.

Wanafunzi waliangua kicheko. Naye akanijibu kwa adabu, "La, mwalimu. Ni jani la kijiji."

Nilikitwaa kitambaa kile nikakitia katika droo ya meza yangu, mahali ninapotupia funguo, chaki na vitu vingine vya marufuku. Saa nne, tulipokuwa tukinywa chai katika majilisi ya walimu, nilikitoa nikawaonyesha wenzangu. Mmoja alisema kwamba watoto wa siku hizi wanaikimbia dunia. Mwingine, mtu wa hesabu na mcheshi kwa kawaida, akasema huo ni utoro wa aina mpya: mwili umo darasani, roho imo Japani. Tulicheka. Naungama kwamba mimi nilicheka zaidi ya wote.

Neno hilo, utoro, ndilo lililonikaa moyoni hata nikaamua kuandika makala haya. Maana sisi walimu tunalitumia kila siku, tena tunaliandika kwenye ripoti za wazazi kwa wino mwekundu, pasipo kulichungua.

Kwanza niwaeleze wasomaji nilichokuja kukifahamu baadaye kuhusu jani lile. Linatoka katika hadithi ya vibonzo ya Kijapani iitwayo Naruto, iliyotungwa na kuchorwa na Masashi Kishimoto, na kuchapishwa kwa mfululizo katika jarida moja la Japani tangu mwaka 1999 hadi 2014. Ikageuzwa filamu, na filamu hizo ndizo vijana wetu huzitazama katika simu wakati wa likizo. Naruto ni mtoto yatima. Wanakijiji wanamwepuka kwa sababu ya balaa iliyofungiwa ndani ya mwili wake angali mchanga, naye hana ajualo juu ya jambo hilo. Ndoto yake kuu ni kuja kuwa kiongozi wa kijiji kile kile kinachomtenga. Kijiji chenyewe huitwa Kijiji Kilichofichwa na Majani. Kila mpiganaji aliyehitimu hupewa bamba la chuma lenye alama ya kijiji, alifunge pajini. Na mpiganaji akikiasi kijiji chake akatoroka, alama ile hupigwa mkwaruzo mmoja wa kuikata katikati.

Kuvaa hivyo, yaani kujishonea mavazi ya mhusika wa hadithi na kutoka nayo hadharani, kuna jina lake. Wenyewe huita kosplei, neno lililobuniwa Japani katika miaka ya 1980 kwa kuunganisha na kufupisha maneno mawili ya Kiingereza, moja la mavazi na jingine la mchezo. Desturi yenyewe ni kongwe kuliko neno. Mwaka 1939, katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi uliofanyika New York, walitokea kijana Forrest Ackerman na mwenzake Myrtle Douglas wakiwa wamevalia kama watu wa karne zijazo. Myrtle ndiye aliyeshona. Waliohudhuria wakaduwaa, na mwaka uliofuata wengine wakaja na mavazi yao. Siku hizi hata Nairobi kuna mikusanyiko ya aina hiyo, kama vile NAICCON na Otamatsuri, ambako vijana hujitokeza na panga za mbao, nywele za rangi ya waridi na mabawa ya kadibodi. Sosiot hatuna mikusanyiko kama hiyo. Tuna vilima vya chai, mvua ya alasiri, na kopo la mafuta ya kupikia.

Je, wanakimbia? Swali si dogo, wala sitaki kulijibu kwa pupa.

Wahenga walituachia methali kali: nguo ya kuazima haisitiri matako. Walimu wenzangu huipenda sana. Lakini tazama, methali hiyo inamhusu mtu anayeazima nguo ili asitirike, apite asijulikane alivyo. Mvulana wetu hakutaka kusitirika hata kidogo. Angetaka kujificha, sare ya shule ingemtosha, maana hakuna vazi lifichalo mtu kuliko lile linalovaliwa na mia sita kwa pamoja. Alisimama mbele ya gwaride zima na bati linalong'aa usoni. Mtoro gani huyo anayejitia alama?

Na tulichunguze neno lenyewe. Katika pwani ya Kenya ya karne ya 19, mtoro hakuwa mwanafunzi aliyeruka ua kwenda sokoni. Mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro waliunda vijiji vyao bara ya pwani, Fuladoyo kikiwa kimojawapo, na wengine wakaenda kuomba hifadhi kwa wamisionari wa Rabai. Aliyewaita watoro ni yule waliyemkimbia. Wao wenyewe, bila shaka, walijiona wanakwenda mahali fulani, si kwamba wanaondoka tu. Ndiyo maana siku hizi nikilisikia neno hilo hujiuliza kwanza limetoka kinywani mwa nani.

Historia hiyo ya watumwa na hii habari ya mavazi zimeshikana kuliko tunavyodhani. Mwaka 1875 Shirika la Misheni la Kanisa la Uingereza lilianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwa makazi ya watumwa waliokombolewa. Huko palikuwa na bendi ya tarumbeta. Na katika miaka ya 1890 ikazuka Mombasa na Lamu ngoma iliyoitwa beni, jina ambalo ni neno bendi lililopita katika midomo ya Waswahili. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Wachezaji wa beni walivaa sare za kijeshi, wakapiga gwaride, wakatunukiana vyeo: mfalme, jenerali, daktari, muuguzi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari na wapagazi waliieneza hadi ndani kabisa ya Tanganyika na Nyasaland. Huko Tanganyika vyama viwili vya Marini na Arinoti vilishindana mji kwa mji, kila kimoja kikijaribu kukishinda kingine kwa unadhifu na ukarimu.

Wazungu walioitazama beni waligawanyika. Wapo walioingiwa na hofu wakadhani ni njama ya siri. Wapo waliocheka wakisema ni Mwafrika anayemwiga bwana wake kama kima. Hakuna aliyefikiri, hata dakika moja, kwamba mchukuzi wa bandarini ajipaye cheo cha jenerali siku ya Jumapili huenda anajaribu kujua uzito wa cheo hicho mabegani. Mtu aliyeamrishwa wiki nzima akitaka kuonja utamu wa kuamrisha, tena kwa nidhamu, kwa hiari na mbele ya majirani wanaomjua jina la baba yake, je, ameikimbia dunia au ameisogelea?

Mfano mwingine ni wa Luanshya, katika migodi ya shaba ya iliyokuwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. J. Clyde Mitchell aliandika mwaka 1956 juu ya ngoma ya kalela iliyochezwa huko siku za mapumziko. Wachezaji walikuwa vijana, wengi wao vibarua wa kazi ngumu. Walivaa suruali zilizopigwa pasi, viatu vinavyong'aa na nywele zilizochanwa vizuri. Walikuwa na "mfalme" wao aliyevaa suti, na "daktari" wa joho jeupe lenye msalaba mwekundu. Alikuwapo pia mwanamke mmoja tu, "muuguzi", aliyevaa nyeupe, akipita kwa kila mchezaji na kioo na leso mkononi ili kila mmoja ajitazame na kujipangusa jasho.

Kioo hicho hunirudia akilini mara kwa mara. Anayekimbia nafsi yake hatembei na kioo.

Unguja nako, baada ya amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa, jambo la kwanza ambalo wengi walilibadilisha lilikuwa mavazi. Laura Fair ameeleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 2001. Mtumwa alikuwa mtu wa merikani na kaniki, vitambaa duni visivyo nakshi. Alipopata uhuru, mwanamke akanunua kanga za rangi, na baadaye buibui. Mwanamume akavaa kanzu na kofia, mavazi yaliyokuwa ya waungwana. Pengine wapo waliowacheka pia, wakanong'ona ile methali ya nguo ya kuazima. Lakini vizazi viwili baadaye hakuna aliyekumbuka kwamba nguo hizo ziliwahi kuazimwa. Zilikuwa zao.

Msomaji ataniambia kwamba hayo ni ya pwani na ya migodini, ilhali sisi ni watu wa chai na maziwa ya mursik. Basi na turudi nyumbani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki kutoka Afrika Kusini, alifika Kapkatet, hapa hapa Kericho, na mashine yake ya kurekodi. Aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha. Huyo Chemirocha si mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika vijijini kwa santuri na gramafoni. Wasichana hawakuwahi kumwona. Wakamtungia mwili: nusu mtu, nusu paa. Kisha wakamwalika acheze nao, aruke kwa nguvu hata nguo zimdondoke. Wimbo huo unajulikana kote duniani kwa wapenzi wa muziki wa Kiafrika, na yamkini walimu wengi wa Belgut hawajausikia.

Angalia walivyofanya wale mabinti. Hawakuondoka Kapkatet kwenda Marekani kwa mawazo. Walimleta Mmarekani Kapkatet, wakamvika ngozi ya mnyama wa porini mwetu, wakamtia ngomani. Ndivyo alivyofanya na mvulana wetu alipokata kopo. Tulisema roho yake imo Japani. La hasha, Japani ndiyo iliyoletwa Sosiot, ikapigwa msumari kwenye bati la mafuta.

Hata mila zetu zenyewe hazikudharau vazi la kuazima. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi cha mwaka 1909, ameandika kwamba wavulana waliokuwa karibu kutahiriwa walipewa na wasichana mavazi na mapambo ya kike, wakayavaa kabla ya siku yenyewe. Mambo ya menjo si ya kutangazwa gazetini, nami nayaacha mlangoni. Ila nitasema hili: wazee wetu walijua kwamba mtu hatoki katika hali moja kuingia nyingine akiwa na nguo zile zile, na kwamba njiani huenda akahitaji kuvaa asichokuwa.

Lakini nisije nikadhaniwa kwamba nawatetea wote. Wapo wanaokimbia kwelikweli. Nimemfundisha kijana aliyeuza kamusi na vitabu vyake vya kemia apate pesa za kutazama filamu. Alipoulizwa jambo lolote nje ya filamu hizo alikuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini. Huyo sikumwona akishona hata kifungo. Frode Stenseng, mwanasaikolojia wa Norway, pamoja na wenzake, walipendekeza mwaka 2012 kwamba kuna njia mbili za mtu kuizamia shughuli ili aisahau nafsi yake. Mmoja huizamia ili azime maumivu, asihisi chochote. Mwingine huizamia ili ajikuze, apate anachokikosa. Kwa macho ya nje wawili hao wanafanana kabisa. Wa kwanza hurudi akiwa mtupu zaidi. Wa pili hurudi na kitu. Mwalimu asiyetaka kuuliza hawezi kuwatofautisha, nami nilikuwa mwalimu wa aina hiyo.

J. R. R. Tolkien, katika mhadhara wake wa mwaka 1939 juu ya hadithi za mazimwi, alilalamika kwamba wahakiki huchanganya mfungwa anayetamani kutoka gerezani na askari anayetoroka vitani. Wote wawili wanaondoka, lakini ni nani angemlaumu mfungwa kwa kuwazia nyumbani kwake?

Kuna kinaya kingine ambacho sisi walimu hatupendi kukigusa. Kila mwaka, ufikapo msimu wa tamasha za drama za shule, mimi mwenyewe huzunguka Sosiot na Kericho nikiazima majoho, makoti na kofia. Mwanafunzi huyo huyo ninayemkemea kwa kujifunga kitambaa humvika koti la meneja wa shamba la chai na kumwambia, "Sahau wewe ni nani! Kuwa meneja!" Akifaulu kusahau vizuri, tunaleta kikombe, na picha yake hubandikwa ukutani. Kwa hiyo hatuna ugomvi na vazi la mwingine. Ugomvi wetu ni kwamba safari hii mtoto alilichagua na kulishona yeye mwenyewe, pasipo mswada wala kibali chetu.

Sasa nimalizie habari ya mvulana.

Muhula uliofuata hakuripoti kwa wiki tatu. Aliporudi nilimwita, kwa vile mimi ndimi niliyekuwa mwalimu wa darasa lake, nikamtaka barua ya mzazi. Barua ilikuwa fupi. Mama yake alikuwa mchuma chai katika shamba moja kubwa, nao walikuwa wakiishi katika nyumba za wafanyakazi, ambako mvulana alizaliwa na kukulia. Wasomaji wa huku wanajua jinsi mashine za kuchumia chai zilivyopunguza mikono mashambani, na vurugu zilizotokea Mei 2023 hata baadhi ya mashine hizo zikatiwa moto. Mama alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Na kazi ikiisha, nyumba huisha nayo. Wakatoka na magodoro yao, wakahamia chumba cha kupanga karibu na soko.

Nilimwuliza kwao hasa ni wapi, mahali pa babu yake. Alinyamaza kidogo. Akasema babu yake naye alikuwa mchuma chai, na alizikwa ugenini kwa ndugu wa mbali. "Kijiji hatuna, mwalimu," alisema, kama mtu anayejibu swali la jiografia.

Nikahesabu miezi. Notisi ya kuondoka ilikuwa imewafikia mwanzoni mwa muhula ule wa kitambaa. Na kumbe mimi, mbele ya wanafunzi mia sita, nilimwuliza kama jani lile ni la chai.

Sikumrudishia siku hiyo. Sina sababu ya maana. Pengine ni haya, pengine ni ile kanuni kwamba vitu vya marufuku hurudishwa mwishoni mwa masomo. Alimaliza kidato cha nne kwa alama za wastani. Mwaka jana alikuja kuchukua cheti chake, amekuwa mrefu, ana kazi ya kubeba mizigo katika duka la vifaa vya ujenzi. Nilifungua droo nikakitoa kitambaa kutoka chini ya rundo la funguo, nikamkabidhi pamoja na bahasha ya cheti.

Alikitazama kitambaa kabla ya kufungua bahasha. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya bati, kwenye mchirizi mrefu uliolikata jani katikati, akaniuliza kama ni mimi niliyeuchora.

Nilimwambia ni funguo.